Mdudu Anayenuka: Mwizi wa Maziwa ya Nafaka



Mwezi huu twataka kuzungumza habari za mdudu mmoja ambaye wengi wetu twamjua kwa pua kuliko kwa macho. Ukimgusa tu, mkono wako wanuka, na hata ukinawa kwa sabuni harufu haitoki upesi. Kwa sababu hiyo watu humwacha. Mtoto akimwona hukimbia, na mtu mzima humwondoa kwa jani na kwenda zake. Lakini kumwacha ni hasara, kwa maana mdudu huyu anakula katika sahani yetu.

Mwaka mmoja mzee wa upande huu wetu wa Kipsongo, karibu na mji wa Kitale, alikuja ofisini na ngano kidogo aliyoifunga katika kitambaa.

"Mwalimu," aliniambia, kwa maana nilifundisha shule kabla ya kushika kalamu ya ofisi, "tazama mambo haya. Shamba lilikuwa zuri, masuke yalisimama kama askari. Sasa nimepura, na gunia halina uzito. Je, ni udongo?"

Niliimwaga ngano ile juu ya karatasi nyeupe. Punje nyingi zilikuwa zimekunjamana. Nyingine zilikuwa na doa la weupe, na katikati ya doa nukta nyeusi, ndogo kama alama ya ncha ya sindano. Udongo hauchomi sindano. Nikamwuliza, "Mzee, punje zilipokuwa na maziwa, uliingia shambani kutazama?"

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Wakati ule, Mwalimu, nilikuwa nikingojea tu."

Jibu hilo ndilo somo letu. Mdudu anayenuka hufanya kazi yake katika majuma yale ambayo mkulima amemaliza kupalilia na hajaanza kuvuna. Ukimtafuta wakati wa kuvuna umechelewa.

MDUDU HUYU NI NANI?

Wadudu wanaonuka ni wa aina nyingi. Wote wana mgongo mpana wenye umbo la ngao, na harufu yao ni silaha ya kuwafukuza maadui. Yule tunayemwona mara nyingi katika maharagwe, mahindi, mtama na ngano ni wa rangi ya kijani, na urefu wake ni kama sentimita moja na nusu. Wataalamu humwita Nezara viridula. Leo ameenea katika nchi nyingi za joto ulimwenguni, lakini wataalamu wengi huamini kwamba asili yake ni pande zetu hizi za Afrika. Basi si mgeni. Alikuwapo hapa kabla ya ngano na mahindi kuletwa.

Ana ndugu zake pia. Wakulima wa kahawa wa Bungoma, katika miteremko ya Mlima Elgon, wanamjua yule aitwaye Antestia, mwenye madoadoa meusi, ya rangi ya chungwa na meupe. Yeye huchoma matunda ya kahawa na kuingiza uozo ndani ya buni. Wakulima wa pamba wa Tanzania wanamjua yule aitwaye Calidea, anayeng'aa kwa rangi ya buluu na kijani na mwenye madoa meusi. Huyo hupenda pia mtama na alizeti.

Wote hawa ni wa ukoo mmoja na kunguni wa kitandani. Ukikumbuka kazi ya kunguni utaelewa kazi ya mdudu huyu. Kunguni hufyonza damu ya mtu aliyelala. Mdudu anayenuka hufyonza maziwa ya punje wakati mkulima amelala.

ANAVYOIBA

Mdudu huyu hana meno, wala hatafuni majani kama kiwavi. Ana mdomo mrefu mwembamba kama sindano, ambao huukunja chini ya kifua asipokula. Akifika penye suke huchoma punje, huingiza mate yake, na mate hayo huyayusha chakula kilichomo ndani. Kisha hufyonza. Akimaliza huhamia punje nyingine, na ile ya kwanza hubaki mahali pake, ganda lake zima. Ukipita kando ya shamba huoni kitu.

Hasara hutegemea umri wa punje:

1. Akichoma wakati suke limetoa maua au maziwa ndiyo kwanza yameingia, punje haijai. Utakuta ganda tupu.

2. Akichoma wakati punje imekuwa laini kama unga uliokandwa, punje hukomaa lakini hukunjamana. Uzito hupungua, na punje nyingi za namna hiyo haziwezi kuota.

3. Punje ikiisha kuwa ngumu, hasara ni ndogo, kwa sababu sindano haiingii kwa urahisi.

Katika mahindi, mdudu akichoma gunzi changa kabla halijatoa nywele, gunzi hujipinda kama ndizi. Akichoma wakati wa maziwa, punje moja hapa na nyingine pale huzama na kusinyaa. Tena tundu aliloliacha ni mlango wazi kwa ukungu. Katika maharagwe huacha vishimo vyenye madoa, na anaweza kubeba mdomoni vimelea vya namna ya hamira ambavyo huozesha haragwe kwa ndani.

Huenda ukasema, "Punje chache zilizochomwa zitanidhuru nini?" Sikiliza habari za nchi nyingine. Katika Syria, Irak, Uturuki na Iran yupo mdudu wa ngano wa jamaa hii, ambaye wataalamu humwita Eurygaster integriceps. Sisi hatunaye. Mate yake hubaki ndani ya punje mpaka kinuni. Unga ukisagwa na kutiwa maji, mate yale huanza kazi tena. Unga uliokandwa huregea na kutiririka, wala mkate hauumuki. Huko, punje zilizochomwa zikifika mbili mpaka tano tu katika kila 100, shehena nzima yaweza kukataliwa na wenye mikate. Mwenye ngano huona gunia limejaa, na mnunuzi hulikataa.

MTAMBUE MWIZI KABLA YA KUMSHTAKI

Si kila suke tupu ni kazi ya mdudu huyu. Mwalimu hampigi mtoto kabla ya kuuliza nani aliyevunja kioo. Basi tazama hivi:

Ndege kama kwelea hupasua na kuvunja maganda, na punje zilizobomoka huanguka chini.

Kutu huacha vumbi jekundu au la rangi ya kahawia juu ya majani na mashina. Ukiipaka kidoleni utaiona. Wakulima wa ngano wanaikumbuka kutu ya shina iitwayo Ug99, iliyopata jina lake kwa sababu ilitambuliwa nchini Uganda mwaka 1999. Dawa ya mdudu haiponyi kutu.

Jua kali hukausha shamba zima au sehemu ya mawe na mwinuko, na mimea yenyewe huonyesha kiu.

Mdudu anayenuka huacha ganda zima, jani la kijani, shina safi, na punje yenye doa na nukta. Mara nyingi hasara huanzia ukingoni mwa shamba, upande aliotokea.

ANATOKA WAPI?

Hapa ndipo mkulima wa skimu apaswapo kufikiri sana. Tangu Mpango wa Ekari Milioni ulipoanza mwaka 1962, mashamba mengi makubwa ya nyanda za juu yaligawanywa kwa wakulima wadogo. Badala ya zao moja juu ya mamia ya ekari, leo kuna maharagwe hapa, mahindi pale, ngano ng'ambo ya ua, wimbi karibu na boma, na mboga nyuma ya jiko. Jambo hili ni zuri kwa chakula cha nyumbani. Lakini kwa mdudu anayenuka ni karamu inayopakuliwa sahani baada ya sahani.

Fuata safari yake. Mwezi wa Aprili twapanda mahindi na maharagwe pamoja. Mwezi wa Juni maharagwe yana maganda mabichi, na mdudu huzaliana humo. Mwezi wa Julai na Agosti maharagwe hukauka na twayang'oa. Je, mdudu hufa? La. Ana mabawa. Huruka akaingia katika mahindi ambayo wakati huo huo yanatia maziwa. Mahindi yakikomaa, ngano iliyopandwa mwezi wa Juni nayo ina maziwa. Basi anahama tu nyumba.

Kwa hiyo siku unayong'oa maharagwe andika katika daftari: "Leo wadudu wanahama." Kuanzia hapo hesabu siku, uyatazame mahindi na ngano yako, na ya jirani yako pia.

KAZI YA ASUBUHI

Kitale iko juu, kama mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi zake ni za baridi. Baridi hiyo ni rafiki yetu. Jua linapochomoza, wadudu hawa hupanda juu ya mimea kuota jua, nao ni wazito, hawaruki upesi. Saa sita mchana huwezi kuwaona vizuri. Basi fanya hivi, mara mbili kila juma, tangu masuke yatoke mpaka punje ziwe ngumu:

1. Ingia shambani kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Chukua beseni au kopo pana lenye maji ya sabuni.

2. Anzia ukingoni, upande wa maharagwe au magugu. Kisha pita katikati kwa kwenda mshazari, usifuate njia moja iliyonyooka.

3. Simama mahali 10. Kila mahali tazama masuke 10. Hesabu wadudu wakubwa na wadogo, ukaandike.

4. Inamisha suke lenye mdudu juu ya beseni na kulitikisa. Wengi hujiangusha wenyewe wakiguswa, na maji ya sabuni hayawaachi watoke. Kwa njia hii mkono hauguswi na harufu.

5. Linganisha hesabu ya leo na ya siku iliyopita. Ikiwa inapungua, endelea na beseni. Ikiwa inapanda mara mbili mfululizo, chukua daftari lako umwone afisa wa kilimo wa wadi yako. Mkulima mwenye hesabu hupata shauri zuri kuliko mkulima mwenye malalamiko.

MAYAI MEUPE NA MAYAI MEUSI

Geuza pia majani, hasa ya maharagwe. Jike hutaga mayai yake kwa kundi, mara nyingi kati ya 30 na 130, yamepangwa sawasawa kama vipipa vidogo vilivyosimamishwa ghalani. Mwanzoni ni ya rangi ya maziwa au manjano hafifu. Yakikaribia kuanguliwa huwa mekundu kidogo. Yakiisha kuanguliwa, watoto hukaa pamoja juu ya maganda yao kwa siku chache bila kula. Wakati huo ndio wa kuwapata. Jani moja ukilichuma na kulitia katika maji ya sabuni, umewaua wadudu 60 au zaidi ambao bado hawajala hata punje moja. Wakiisha kutawanyika watajibadilisha ngozi mara kadhaa, weusi wenye madoa kwanza, kisha kijani, na kazi itakuwa kubwa.

Lakini angalia sana. Ukikuta mayai yamekuwa meusi au ya kijivu cha giza, usiyaguse. Hayo yameingiliwa na nyigu mdogo sana, mdogo kuliko sisimizi, wa jamaa ya Trissolcus. Yeye hutaga yai lake ndani ya yai la mdudu, na mtoto wake hulila kutoka ndani. Mahali pa mdudu mnukaji atatoka nyigu mwingine wa kukusaidia. Nyigu huyu hamdungi mtu. Kazi yake ina thamani hata mwaka 1933 watu wa Australia walichukua nyigu wa jamaa hii kutoka Misri wakawaachilia katika mashamba yao. Wewe hulipi nauli. Umempata bure, usimwue.

HABARI ZA DAWA

Wengine husema, "Nitanyunyiza shamba lote mara moja niwe na raha." Raha hiyo yaweza kuwa fupi. Dawa kali huua mdudu, lakini huua pia yule nyigu, na nyuki wanaofanya kazi katika maua ya maharagwe na alizeti. Baada ya muda wadudu wengine huja kutoka shamba la pili, nao hawakuti mlinzi.

Ikiwa afisa wa kilimo ameona hesabu yako na kukuambia dawa yahitajika, shika mambo haya manne. Kwanza, nunua dawa iliyoandikishwa na bodi ya serikali ya kusimamia dawa za wadudu, ambayo iliwekwa na sheria ya mwaka 1982, na iwe imeandikwa kwamba yafaa kwa zao lako. Pili, usinunue dawa iliyopimwa katika chupa ya soda. Haina maelezo, na mtoto aweza kuinywa. Tatu, soma siku za kungoja kabla ya kuvuna, na uzihesabu katika kalenda. Mahindi mabichi ya kuchoma yaliyonyunyizwa juzi si chakula. Nne, mara nyingi yatosha kunyunyiza ukingo tu, mahali wadudu walipo, jioni nyuki wakiisha kurudi.

Tena ipo njia isiyohitaji bomba. Panda tuta la miroo, ile mboga ambayo wengine huiita mitoo, ukingoni mwa shamba. Sehemu moja ichume kwa mboga, na sehemu iache itoe maganda. Wadudu hawa huyapenda sana maganda ya mimea ya jamaa hiyo, na watakusanyika pale. Kila asubuhi pita na beseni lako. Lakini ukipanda mtego usiutembelee, umewalisha wageni. Magugu yaliyotoa mbegu kando ya ua nayo yafyekwe kabla ya nafaka kutia maziwa, si wakati wa maziwa, kwa maana ukiyafyeka wakati huo unawafukuzia ndani ya shamba.

MBEGU YA MWAKA UJAO

Sasa nitakiri kosa langu mwenyewe. Mwaka mmoja niliweka maharagwe ya mbegu kutoka shamba langu. Yalikuwa na madoa kidogo, lakini nilisema, "Ni haragwe tu, litaota." Nilipanda mistari mizuri. Baada ya majuma mawili mistari ilikuwa na mapengo kama kinywa cha mtoto wa miaka saba. Niliwalaumu njiwa, nikawaweka watoto kulinda. Niliwafukuza njiwa wasio na hatia kwa siku nyingi, mpaka mama watoto alipofukua pengo moja akanionyesha haragwe lililooza, lenye nukta ubavuni. "Baba," akasema, "njiwa hawa wanafukiaje?" Sikuwa na jibu. Mvua ya kupanda tena ilikuwa imepita, na mwaka ule tulinunua maharagwe.

Wewe usifanye hivyo. Kabla ya kuweka mbegu ya maharagwe au ngano, chagua kwanza zile zenye madoa na uzitoe. Kisha hesabu punje 100 bila kuchagua. Zipange juu ya kitambaa chenye maji, kikunje, na ukiweke mahali penye joto jikoni. Kitie maji kila siku. Baada ya siku saba hesabu zilizoota. Ikiwa ni 90, una mbegu nzuri. Ikiwa ni 60, kila ekari 10 utakazopanda, 4 umezipanda hewa. Kwa mahindi ya haibridi usiweke mbegu kabisa. Nunua mpya kila mwaka, kwa sababu mtoto wa haibridi hafanani na mzazi wake.

FANYENI PAMOJA

Jambo la mwisho ni kubwa kuliko yote. Mdudu huyu hajui mipaka ya hati ya shamba. Ukimwondoa kwako na jirani akamwacha, utakuwa mtu anayechota maji kwa pakacha. Mkikutana katika baraza au mkutano wa chama, patana na jirani zako wa pande zote nne: siku ya kutazama iwe moja, na anayeng'oa maharagwe awapashe habari wenzake. Wapeni watoto beseni siku ambazo hawaendi shule. Wanayo macho makali, nao wakijua maji ya sabuni hawataogopa harufu.

Yule mzee wa kitambaa alirudi ofisini msimu uliofuata. Hakuleta ngano. Alileta daftari la mjukuu wake, limechorwa mistari, na hesabu za majuma matano. Hesabu ya juma la tatu ilikuwa kubwa, ya tano ilikuwa ndogo. "Mwalimu," akasema, "safari hii sikungojea."

MASWALI YA KUJIPIMA

Yasome na watu wa nyumbani mwako, mjibu bila kutazama juu.

1. Ni wakati gani wa umri wa punje mdudu anayenuka huleta hasara kubwa zaidi?

2. Utatofautishaje kazi ya mdudu huyu na kazi ya ndege au kutu?

3. Kwa nini twaingia shambani asubuhi na si mchana?

4. Ukikuta mayai meusi juu ya jani la haragwe utafanya nini, na kwa sababu gani?

5. Siku utakayong'oa maharagwe, jirani yako gani atapaswa kujua kwanza?

Ukiweza kuyajibu yote matano, umelipata somo. Sasa bado beseni na sabuni. Kesho jua likichomoza, ingia shambani.